Nyongeza ya Upepo

Jumamosi ile soko la Kakamega lilikuwa limefurika hadi barabarani. Mwenye nyanya alikuwa ametandika gunia lake karibu na mwenye viatu vya mitumba, na bodaboda zilipita katikati yao zikiomba njia kwa honi. Katika fujo hiyo ikaja pikipiki moja imebeba kitu cheusi, kikubwa kama ng'ombe aliyelala. Ilikuwa tyubu ya trekta, imejaa ikavimba, na nyuma yake alikaa kijana ameikumbatia kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayecheza dansi na mke mnene kuliko yeye.

Dereva alikwepa mkokoteni wa kabeji. Tyubu ikagusa msumari wa kibanda cha mabati, na mlio mwembamba ukaanza kutoka.

Winrose aliusikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Kibanda chake cha pancha kilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, na masikio yake yalikuwa yamekula miaka sita yakisikiliza mpira unaolia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, amevaa ovaroli ya buluu iliyofifia magotini, na kichwani leso ya rangi ya machungwa iliyofungwa kwa uangalifu wa mtu anayekwenda kanisani. Aliiweka chini baiskeli ya mteja, akatembea bila haraka, akapitisha kiganja juu ya mpira mpaka akalipata tundu. Akaliziba kwa kidole gumba.

"Usitoe," kijana akasema.

"Nisitoe nini?"

"Kidole. Tafadhali, dada, usitoe hicho kidole."

"Kwani ndani kuna nini?"

"Moshi."

Winrose akamtazama vizuri. Shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Suruali imepigwa pasi ikawa na makali. Viatu vimejaa matope ya shamba la miwa. Hakuonekana kama mtu aliyerukwa na akili.

"Watu wanatoa moshi jikoni kwao," akasema, "wewe unauleta mjini na pikipiki."

Mitchel, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye kibanda cha jirani, alicheka mpaka akasahau samaki kwenye karai.

Kwa kawaida fundi huitoa hewa yote kwanza ndipo azibe pancha. Kijana aliomba isitoke hata kidogo. Basi ikabidi wafanye kazi wawili: kijana akiziba tundu kwa kidole chake, Winrose akikwaruza mpira pembeni ya kidole hicho, akipaka gundi, akingoja ikauke. Gundi ya pancha haitaki haraka. Walisimama hapo vichwa vikiwa karibu kugusana, na watu wakipita wakiuliza kama hayo ni maombi ama ni nini.

Katika kungoja huko Winrose akajua mengi. Kijana aliitwa Weldon Makhanu, wa Malava, lakini kazini walimwita Makhanu tu. Huko Kabras, kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru, makapi ya miwa yalirundikana yakaoza. Yeye na wenzake waliyachoma ndani ya pipa lililozibwa, lenye hewa kidogo sana, na ule moshi ambao ungepaa bure na kuchafua anga waliuosha kwa maji na kuuteka kwenye tyubu. Tyubu zikaletwa kwenye kituo chao cha utafiti, njia ya Shinyalu. Huko walifuga bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao wataalamu walikuwa wamewabadilisha vinasaba. Wakila moshi huo walitoa asetoni, ile dawa wanawake wanayofutia rangi ya kucha, na ambayo viwanda vinatumia kutengeneza rangi, gundi na plastiki.

Winrose alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wanakula moshi, wanakojoa dawa ya kucha."

Makhanu akafikiri kidogo. "Daktari wetu ameandika kurasa arobaini kusema hivyo."

Kisha akamwonya: moshi huo ukiachiliwa chumbani unaweza kuua mtu, kwa hivyo ikitokea tyubu iko mkononi mwake, asiruhusu itoke hata pumzi moja. Winrose aliitikia kwa kichwa. Makhanu akatoa kidole na Winrose akaweka kiraka, kwa pamoja, mara moja, na moshi haukutoka.

Tangu siku hiyo Makhanu alipitia kibandani kila Jumanne na kila Ijumaa, tyubu ikiwa na pancha ama haina. Mara alitaka ikaguliwe. Mara alitaka kujua tu kama ile gundi bado imeshika. Mitchel alisema hajawahi kuona mpira unaougua hivyo, na kwamba huyo mgonjwa si mpira.

Simu nazo zikaanza. Makhanu alipiga saa moja jioni, akitoka kazini, na Winrose alipokea akiwa anafunga kibanda, simu ameibana kati ya bega na sikio.

"Ng'ombe zako zimekula?" ndivyo Winrose alivyomsalimia, akimaanisha wale bakteria.

"Zimekula zimeshiba. Zinatoa mapovu tu. Wewe je, mrembo, umekula?"

"Bado. Nimeshinda na tairi ya lori."

"Hilo lori lina bahati."

"Wacha maneno yako, Makhanu."

Lakini hakutaka ayaache, na Makhanu alijua.

Jumapili moja alimpeleka hotelini kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Winrose alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono ya kuvimba, na kwa mara ya kwanza Makhanu akaziona nywele zake bila leso, akazitazama mpaka kuku akapoa. Baadaye akatoa mfukoni kichupa kidogo chenye kifuniko cheupe. Hiyo, akasema, ndiyo asetoni ya kwanza iliyotoka kwa moshi wa Kabras. Daktari alikuwa amegawa kidogo kidogo kwa wafanyakazi, na yeye fungu lake lilikuwa hili. Akaushika mkono wa Winrose, akachovya pamba, akamfuta gundi nyeusi iliyogandana kwenye kucha, kidole baada ya kidole.

Jambo moja tu Winrose hakumwambia. Alikuwa ameishia darasa la nane. Makhanu alikuwa na digrii, na simuni mara nyingine aliongea na Daktari wake maneno marefu ambayo Winrose hakuyajua kichwa wala miguu. Makhanu hakuwahi kumuuliza habari ya shule, na Winrose aliweka hilo moyoni kama wema. Hata hivyo alingoja, kwa sababu alikuwa mtu wa kungoja na kutazama, aone siku ile swali litakapokuja litakuja na uso gani.

Sasa, fundi Winrose alikuwa na kawaida yake. Mama wa sokoni akimpenda mteja humwongezea nyanya mbili juu ya fungu. Yeye humwongezea upepo. Tairi ikitoka kwake lazima itoke ngumu, ukiipiga iitike kama ngoma, na huo upepo wa mwisho hakuulipisha mtu. Ilikuwa nyongeza.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi, Makhanu alimwachia tyubu mbili akakimbilia mjini kutafuta paipu. Alikuwa na wasiwasi. Wageni wanaofadhili kituo walikuwa waje Alhamisi baada ya hiyo inayofuata, na wakikuta bakteria hawafanyi kazi, kituo kitafungwa na kila mtu atashika njia yake. Alimwambia Winrose asiruhusu kitu kitoke. Akaondoka.

Tyubu zilikuwa zimejazwa moshi ungali na joto, na sasa ulikuwa umepoa na kunywea. Winrose akazibonyeza. Laini. Akazikagua kwenye beseni la maji, hakuna povu. Akawaza, mpenzi wangu anakwenda na tyubu zilizolegea namna hii, na wageni wanakuja. Akawasha kompresa, akaijaza ya kwanza mpaka ikaitika, akaijaza na ya pili.

Winrose aliambiwa asitoe kitu, naye akatii kabisa. Hakuna aliyemwambia asitie.

Jumapili mchana simu ililia akiwa ametoka kanisani. Sauti ya Makhanu ilikuwa kavu. Bakteria wote kwenye tangi kubwa walikuwa wamekufa. Mapovu yamekwisha, maji yamepauka. Walikuwa wamepima wakakuta oksijeni kwenye tyubu, na viumbe wale, oksijeni kwao ni sumu kama vile moshi ulivyo sumu kwetu.

"Winrose, kuna mtu aligusa zile tyubu?"

"Mimi. Zilikuwa zimelegea, nikaziongeza upepo."

"Uliziongeza upepo."

"Nyongeza. Kama ninavyomwongezea kila mtu. Wewe zaidi."

"Miezi saba, Winrose. Miezi saba ya kazi." Akavuta pumzi, kisha akasema lile ambalo baadaye angetamani kulimeza. "Mtu aliyesoma angeuliza kwanza."

Winrose alikuwa amesimama chini ya paa la duka, gauni lake la kitenge limeloa pindo kwa manyunyu. Basi huo ndio uso wa swali. Umekuja bila hata swali lenyewe.

"Na mtu aliyesoma," akajibu taratibu, "angenieleza kwanza."

Akakata simu. Siku hiyo ilipigwa mara nne nyingine, na kesho yake mara sita, na hakuipokea. Jumanne Makhanu hakupita sokoni. Ijumaa hakupita. Winrose alihesabu hilo pia: basi amekwenda kuzibiwa pancha kwingine, na huko kituoni kila mtu anajua sasa kwamba aliyewaua bakteria ni yule msichana wa pancha. Mitchel alijaribu kumchekesha akashindwa, mwisho akamletea samaki na kukaa naye bila kusema neno, jambo ambalo kwa Mitchel lilikuwa kazi ngumu kuliko kukaanga.

Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya wageni, gari dogo likasimama mbele ya kibanda. Akashuka mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa buibui jeusi na mtandio wa zambarau, miwani imening'inia shingoni. Winrose alitazama magurudumu kwanza. Yote yalikuwa mazima.

"Asalaam aleikum, binti. Ama niseme mulembe?"

"Mulembe swa, mama. Karibu."

Alikuwa Daktari Asiya, mwenyeji wa Mumias, mkuu wa kile kituo. Winrose akajua amekuja kumgombeza, akajikaza, akaanza kuomba msamaha kabla hajaulizwa. Alisema ni yeye aliyetia upepo kwenye tyubu, na yuko tayari kusikia lolote.

Daktari Asiya akamtazama kwa mshangao.

"Makhanu alituambia ni yeye. Alisema alizijaza vibaya kule Kabras na akasahau kuzipima. Nimemwandikia barua ya onyo, ameitia sahihi."

Winrose akakaa juu ya tairi.

"Jina lako hajalitaja kwa hilo," Daktari akaendelea, "ingawa kwa mengine hatupumziki. Miezi mitatu tunasikia fundi hivi, fundi vile. Ndiyo sababu nimekuja. Tulikuwa tumehifadhi mbegu kidogo ya bakteria kwenye jokofu, tukaanza upya. Tyubu sasa ni safi, tumezipima mara mbili. Na bado wanakufa. Kuna mahali hewa inaingia. Tumepaka sabuni kila kiungo, hatuoni povu hata moja. Nimesema, kuna mtu mjini anasikia tundu kabla halijalia. Utakuja?"

Winrose alifikiri. Akasema atakuja, lakini Daktari aelewe kwamba anakwenda kwa ajili ya wale ng'ombe. Daktari akasema ameelewa, na hakucheka, ila mtandio ulitikisika kidogo.

Maabara ilikuwa chumba kirefu kilichonukia uchachu. Tangi la kioo lilisimama katikati, mapaipu yamelizunguka kama mizizi. Makhanu alikuwa amepiga magoti chini na povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Shati lake lilikuwa limekunjamana, na vifungo vya shingoni, kwa mara ya kwanza, vilikuwa wazi. Alipomwona aliinuka haraka akagonga kichwa kwenye meza.

"Winrose. Mimi nili..."

"Kazi kwanza," akasema Winrose.

Hakugusa kitu. Alivuta kiti, akakaa, akatazama. Alitazama moshi unakotoka kwenye tyubu, unakopita, unakoingia. Daktari alikwenda akarudi, akamkuta bado anatazama. Baada ya saa nzima Winrose akanyoosha kidole kwenye pampu iliyokuwa katikati ya tyubu na tangi.

"Hii inasukuma ama inavuta?"

Makhanu akajibu kwamba inavuta moshi kutoka kwenye tyubu na kuusukuma tangini.

"Basi huku kwa tangi sabuni itaonyesha povu. Lakini huku inakovuta, tundu haliwezi kutoa povu, kwa sababu halipulizi. Linanyonya. Kompresa yangu iko hivyo, ukiweka sabuni upande ule inaimeza tu." Akageuka. "Kuna mtu anafuga kuku hapa?"

Wote wakatazamana. Mlinzi wa lango alikuwa na kuku. Dakika tano baadaye Winrose alikuwa na unyoya mmoja laini, ule wa kifuani, mweupe kama pamba. Akaomba madirisha yafungwe na feni izimwe. Akaushika unyoya kwa ncha za vidole, akaupeleka kwenye kiungo cha kwanza, akangoja. Wa pili, akangoja.

"Winrose," Makhanu akaanza tena, "nataka tu kusema kwamba..."

Unyoya ukapepea. Winrose hakumgeukia.

"Ukiongea unautikisa. Nyamaza."

Akanyamaza. Daktari Asiya aliketi pembeni akashika tasbihi yake, na chumba kikatulia mpaka ukasikia maji yakisogea kwenye tangi. Viungo vilikuwa zaidi ya hamsini. Makhanu alisimama mgongo ukutani na msamaha wake wote mdomoni, kama mtu aliyejaza maji na hana pa kuyatema. Nusu saa ilipita. Saa moja. Mwisho akashindwa. Akachukua kalamu, akaenda kwa ncha za vidole hadi kwenye ubao mweupe uliojaa hesabu, akafuta pembe moja, akaandika.

Winrose aliona kwa pembe ya jicho lakini hakusoma. Alikuwa kwenye kiungo cha arobaini na kitu, kile kilichojificha chini ya meza, ambapo paipu mpya ya Ijumaa ile ilikuwa imeunganishwa na ya zamani. Unyoya ulisimama wima. Kisha, polepole, kama mtu anayeinama kusalimia mkwe, ukalala ukagusa chuma, ukaganda hapo.

"Hapa," akasema.

Daktari Asiya alitoka nje, akasema anakwenda kujibu simu ambayo hakuna aliyeisikia ikilia. Winrose akakata kipande cha mpira kwenye mkoba wake, akakifunga kwenye kiungo, akakikaza, akarudisha unyoya. Safari hii haukujali kitu. Ndipo akajifuta mikono, akainuka, akasoma ubao.

Ulikuwa umeandikwa: *Nilikosa mimi. Sikukueleza, halafu nikakutukana. Sijali umesoma wapi. Nataka kuzeeka na wewe. Nikiruhusiwa kuongea nitaomba vizuri.*

Akausoma mara mbili, taratibu, kama anavyosoma kila kitu.

"Mbona ulijitwika lile kosa?"

Makhanu akaelekeza kidole mdomoni, kuuliza kama ameruhusiwa.

"Ongea, bana."

"Kwa sababu lilikuwa langu. Nilikupigia kukwambia hivyo mara kumi. Halafu nikaona aibu kuja sokoni."

"Niliishia darasa la nane," Winrose akasema. Alilitoa neno hilo kama mtu anayeweka mzigo chini.

"Najua. Mitchel aliniambia siku ya kwanza, kabla hata ya jina lako. Alidhani nitakimbia."

Winrose akacheka, na kucheka huko kukamwondolea wiki moja nzima usoni. Lakini jibu hakutoa. Alisema kwanza aone kama hao ng'ombe watalala na kuamka.

Waliamka. Jumanne mapovu yakarudi, Jumatano tangi lilinukia dawa ya kucha za harusi nzima, na Alhamisi wageni walisimama mbele yake nusu siku wakiuliza maswali. Daktari Asiya aliwaonyesha kila kitu, mpaka unyoya. Mmoja wao aliupiga picha. Kabla hawajapanda magari walikuwa wamekubali kituo kiendelee miaka mingine mitatu, na Daktari alikuwa amemwomba Winrose awe anakuja asubuhi mbili kila wiki kukagua mapaipu. Winrose alikubali, mradi kibanda chake kisifungwe.

Jioni hiyo Makhanu alikuja sokoni kwa miguu, shati safi, vifungo hadi shingoni. Mitchel alizima jiko ili asikie vizuri.

"Mpenzi, sasa nijibu," akasema. "Utanioa... yaani, nitakuoa?"

"Umeshaanza kuchanganyikiwa."

"Niliandika vizuri zaidi."

Winrose aliifungua leso yake, akaifunga upya, akachukua wakati wake wote. Makhanu alingoja.

"Njoo nyumbani Jumamosi na watu wako," akasema mwishowe. "Nimemwambia mama kuna mwanamume alikaa kimya saa moja na nusu kwa ajili yangu. Amekataa kuamini. Anataka akuone na macho yake."